Sikuona taa, dada

Kijana aliposhuka kwenye bajaji, neno lake la kwanza lilikuwa samahani. Akaongeza, kwa sauti ya chini: "Sikuona taa, dada."

Samahani tuliisikia wote. Hayo mengine hayakumfikia mtu, na mimi niliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake ndiye niliyeyasikia kidogo kuliko wote.

Ilikuwa Sinza, Dar es Salaam, Barabara ya Shekilango, natokea upande wa Ubungo kwenda Bamaga, sijafika Afrika Sana. Jioni, foleni ile ya kusogea na kusimama. Bodaboda akanichomekea kutoka kushoto, nusura bampa langu limguse mguu, nikakanyaga breki. Nyuma yangu pakatoka mlio ambao hata si kishindo. Ni kama mtu kakalia ndoo ya plastiki ikapasuka.

Gari langu, Toyota IST, lilivunjika taa ya nyuma kulia, bampa likaingia ndani kwenye kona, na mlango wa buti ukabonyea kidogo pembeni. Bajaji ilipasuka kioo cha mbele na madigadi ya tairi la mbele ikapinda. Abiria wake, mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu, alijishika goti, akalikunjua, akalikunja, akasema yuko mzima, akavuka barabara na kupotea bila kulipa nauli.

Bodaboda aliyeanzisha yote hakugeuka hata kutazama. Nina hakika usiku ule alilala vizuri kuliko sisi wote.

Nyuma ni nyuma

Anayeendesha Dar anajua kinachofuata. Kabla sijafungua mkanda walishafika watu kumi. Muuza maji, vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda, mzee mwenye kofia aliyekuwa anasubiri daladala, na wale ambao sijui huwa wanatokea wapi.

"Nyuma ni nyuma!" akasema mmoja.

Wengine wakaitikia. Nyuma ni nyuma. Aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, halina mjadala, alipe gari la dada wa watu. Kijana akafungua mdomo mara mbili, wakamzomea mara mbili. Mzee mwenye kofia akanigeukia kwa upole kabisa: "Mwanangu, usikubali akuondokee hivi hivi."

Niseme jambo ambalo sijivunii. Naendesha gari mji huu mwaka wa tisa sasa, na kila nilipogusana na mtu, sentensi ya kwanza kutoka pembeni ilikuwa "angalia, ni mwanamke." Hata yule wa Noah aliyenirudia kinyumenyume kwenye maegesho, mimi nimesimama, gari nimezima, bado palikuwa na mtu wa kuuliza nani alinipa leseni. Safari hii umati ulikuwa wangu.

Nilifurahi. Nilisimama pale nimejaa haki mpaka kooni.

Nikamwambia kijana: "Sasa unanisaidiaje?"

Pole, samahani

Nimelirudia lile neno lake la kwanza wiki nyingi sasa.

Angesema pole, mambo yangekuwaje? Pole haikiri kitu. Pole tunampa aliyefiwa, aliyejikwaa, anayetoka kazini, hata aliyenyeshewa mvua ambayo hatukuinyesha sisi. Lakini samahani ina mwenyewe. Ukiisema mbele ya gari lililobonyea, watu wanakuangalia mfukoni.

Ila na hapo nasita. Samahani hiyo hiyo tunamwambia mtu tunayemuuliza njia. Samahani, kaka, daladala za Kawe zinapita hapa? Nani anakiri kosa hapo? Kijana aliyelelewa vizuri, amegonga gari la mtu mzima kuliko yeye, ataanza na neno gani jingine? Huenda ilikuwa adabu tu. Sisi tukaipokea kama hati ya mashtaka iliyokwisha kutiwa saini.

Na mimi hata pole sikumpa. Yeye ndiye aliyekuwa na vipande vya kioo mapajani.

Fomu ambazo hatukuzijaza

Mmoja wa wale vijana wa kijiweni akajitolea kwenda kumwita trafiki. Kijana wa bajaji akabadilika uso.

Ananipigia hesabu pale pale, kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu anayesema siri ya nyumbani kwao. Bajaji ni ya mkataba. Hesabu ya bosi ni 20,000 kila siku, ipande ishuke. Tukienda kituoni, bajaji inalala kituoni. Ikilala siku tatu, ni 60,000 anadaiwa, na bado hajala.

Alikuwa sahihi, na nilijua. Gari langu lina bima ndogo, na bima ndogo yangu inamlipa yule niliyemgonga mimi, haijali bampa langu. Mlango uliobaki ulikuwa bima ndogo ya bajaji. Ili ufunguke, ajali iandikwe polisi, trafiki apige mchoro, itoke PF90, yaani ripoti ya polisi ya ajali, mkaguzi wa magari wa polisi ayakague magari yote mawili ajaze PF93, fomu ya ukaguzi, na mwenye kosa apatikane kwa maandishi, yaani akiri na kulipa faini au ahukumiwe. Faini yenyewe ndogo. Tangu bajeti ya 2021 bajaji na pikipiki zilishushiwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Kinachoumiza ni siku. Siku za kituoni, siku za ofisi ya bima, siku za "njoo Jumatatu."

Kwa hiyo nikamwambia yule wa kijiweni asimwite trafiki. Tuyamalize wenyewe.

Watu wakanisifu. Mzee akasema nina moyo wa mzazi. Nilimpiga picha leseni, nikapiga picha namba ya bajaji, nikalipiga picha bampa langu kila pembe kama bibi harusi. Tukakubaliana 150,000. Mkononi alikuwa na 40,000, noti za elfu mbili mbili na elfu tano, zimelowa jasho. Iliyobaki ataituma kwa simu.

Aliituma. Sitini, baada ya siku nne. Hamsini, baada ya siku tisa, usiku saa tano na dakika kumi. Sikumkumbusha hata mara moja.

Nyumbani nilisimulia mkasa huu kama hadithi ya wema wangu. Ningeweza kumpeleka polisi, nilisema. Nikamhurumia.

Kanyaga breki

Fundi wangu ana gereji ya uani, mwembe mmoja, magari sita. Taa tuliipata ya mtumba Ilala, ya gari lile lile, ina mkwaruzo mdogo lakini nzima. Bampa akalitia maji ya moto likarudi, buti akanyoosha, akapaka rangi. Jumla 185,000, kwa hiyo mfukoni mwangu zilitoka 35,000, nikajiona nimekula hasara kidogo kwa ajili ya amani.

Siku ya kuchukua gari akaniambia nikae kwenye usukani, yeye akaenda nyuma.

"Kanyaga breki, mama."

Nikakanyaga.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, fundi."

"Kanyaga breki, si mafuta."

"Fundi, nimekanyaga!"

Akaja mwenyewe, akachukua kipande cha ubao, akakibana kati ya kiti na pedali, tukaenda wote nyuma. Taa mpya ya kulia, kiza. Ya kushoto, ambayo haikuguswa na mtu, kiza. Ile ya tatu, ya juu kwenye kioo, kiza.

Akafungua fyuzi. Nzima. Akachomoa balbu, akaijaribu kwenye betri. Inawaka. Akainama chini ya dashibodi, kichwa kimepotelea kwenye pedali, miguu iko nje juani, akawa anaongea na gari kwa muda. Halafu akatoka na kidude chenye ukubwa wa dole gumba. Swichi ya breki. Ukikanyaga pedali, hicho ndicho kinachoziambia taa ziwake. Zote tatu zinakitegemea hicho kimoja.

"Hii inashika na kuachia," akasema. "Si ya jana hii."

Nikasema huenda ni ile ajali.

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mwenye jibu la kunakili. Umegongwa nyuma, mama, swichi iko mbele miguuni kwako. Na mlio wenyewe umesema ulikuwa wa ndoo.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani kwake lilikuwa la kiufundi tu.

"Gia haikuwa inakugomea asubuhi? Kutoka P?"

Ilikuwa inagoma

Kwa wasio na gari la otomatiki: gia haitoki P mpaka gari liamini kwamba umekanyaga breki. Linaambiwa na nani? Na swichi ile ile.

Wiki tatu kabla ya Shekilango, gia yangu ilianza ukaidi. Nawasha gari, nakanyaga, navuta, haitoki. Naachia, nakanyaga tena, inatoka. Siku nyingine mpaka mara ya tatu. Nilimweleza mwenzangu ofisini, akasema ya kwake hivyo hivyo, ni mafuta ya gia. Nikalipokea jibu hilo kwa mikono miwili kwa sababu mafuta ya gia ni ya kubadilisha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huwa haufiki.

Sikujua kwamba ni taa. Hilo naweza kuapa.

Lakini gari lilinigongea mlango kila asubuhi kwa wiki tatu, na mimi nikawa nagonga pedali kulinyamazisha.

Swichi mpya ilikuwa 15,000. Kuifunga, dakika kumi. Fundi hata hakunitoza.

Usiku, hesabu

Hapa ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu makala hii imechelewa kuandikwa.

Swichi inayoshika na kuachia haijafa. Asubuhi ya siku ile gia ilitoka, kwa hiyo walau mara moja siku ile swichi ilifanya kazi. Je, saa ile, sekunde ile, bodaboda alipochomekea? Sijui. Hakuna ajuaye isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa ananitazama kwa nyuma, na huyo alisema hakuona, tukamzomea.

Nilipita mtandaoni nikasoma namna wachunguzi wa ajali wanavyosoma balbu. Uzi ule mwembamba wa ndani, kama taa ilikuwa inawaka wakati wa kugongwa, unakuwa wa moto na laini, kwa hiyo mshtuko unaunyoosha na kuupinda. Taa ikiwa imezimwa, uzi ni wa baridi, unakatika tu. Na kioo kikivunjika uzi ukiwa unawaka, hewa inaingia na kuuunguza, unabaki na rangi. Yaani balbu ya taa iliyovunjika inaweza kuwa shahidi. Nikampigia fundi saa mbili usiku. Fundi, ile taa ya zamani?

"Mama, ile ilishaondoka na watu wa skrepa."

Shemeji yangu ni wakili. Nilimuuliza juujuu, kama vile ni habari ya rafiki yangu, akacheka akasema mwambie rafiki yako hivi. Dereva wa nyuma hana pa kujificha. Anatakiwa aache nafasi ya kumtosha kusimama hata wa mbele akisimama ghafla, taa iwake isiwake, ng'ombe akatize asikatize. Sawa. Lakini gari kuwa barabarani na taa mbovu nalo ni kosa, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haijalisahau. Na mahakama haikulazimishwa kuchagua mmoja. Inaweza kugawa, huyu asilimia kadhaa, yule asilimia kadhaa, kila mtu alipe kipande chake. "Nyuma ni nyuma ni ya barabarani, shemeji. Ni pa kuanzia tu."

Halafu akaongeza kitu kwa kupita tu, anatafuna karanga: "Ndiyo maana huwa wanakagua magari yote mawili. Cha kwanza wanachokuambia, washa taa, kanyaga breki."

Sikujibu kitu. Nilikuwa naitazama kichwani ile PF93.

Fomu ile niliyomwepusha nayo kijana, nikasifiwa, nikasimulia nyumbani, ndiyo ambayo ingenikalisha kwenye usukani mbele ya mkaguzi aniambie kanyaga, mama, kanyaga. Nilidhani nimemficha yeye. Kumbe tulikuwa wawili nyuma ya pazia lile lile, na aliyelilipia ni mmoja.

Sitaki kujichapa kupita kiasi. Kumaliza mambo barabarani ni ustaarabu wetu, na mara nyingi ni ustaarabu mzuri. Ukienda kwa sheria tupu kila bampa linapoguswa, mji huu hautatembea. Kila mtu ana ndugu aliyepoteza wiki nzima kufuatilia karatasi moja. Lakini kuyamaliza kuna bei yake. Mkikubaliana kiasi, hakuna anayeuliza tena kilichotokea. Na anayekubali kiasi haraka si lazima awe mwenye kosa. Anaweza kuwa tu ndiye ambaye siku zake ni za bei.

Zangu ni za mshahara. Nikikaa kituoni siku tatu, mwisho wa mwezi hela inaingia ile ile.

150,000

Kwa hesabu ya bosi wake, hizo ni siku saba na nusu.

Nilijaribu kuigawa. Labda mimi thelathini, yeye sabini. Alikuwa karibu mno, lazima, kama asingekuwa karibu asingenifikia. Lakini katika foleni ya Shekilango nani anaacha nafasi? Ukiiacha, bodaboda anaingia, ndiyo hadithi yote hii. Basi arobaini, sitini. Na bodaboda naye apewe kumi zake, hata kama hatazipokea. Usiku mwingine nilifika mpaka mimi themanini. Usiku mwingine nilimlaani kwa kutonisisitizia. Si angepaza sauti! Ndipo nikamkumbuka anavyofungua mdomo.

Namba yake ilikuwa kwenye simu, kwa yale malipo mawili. Jumapili moja, baada ya kuosha vyombo, nikamtumia 75,000. Nusu. Nilichagua nusu kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo haikuhitaji nijue chochote.

Haikupita dakika tano akapiga.

"Habari za saa hizi. Kuna hela imeingia hapa, sabini na tano. Umekosea namba?"

"Sijakosea. Wewe si yule wa bajaji? Tuligongana Shekilango, mwezi juzi."

Kimya. Nasikia honi, nasikia mtu anauliza Mwenge shilingi ngapi.

"Dada wa IST?"

"Mimi."

"Yale si tuliyamaliza?" Sauti imeingia wasiwasi. "Usije ukaniambia sasa hivi niitume kwenye namba nyingine."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, maana wote tunazipata zile meseji. Nikamweleza. Swichi, taa zote tatu, fundi na kipande cha ubao. Gia nayo nilimweleza, ingawa sikulazimika, nikaona nikiiruka hiyo bora nisingepiga hatua yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Abiria wa Mwenge nadhani alikwenda kwa mwingine.

"Mimi nilisema," akasema.

"Ulisema."

"Siku ile ile nilisema. Wakanizomea."

"Nakumbuka. Pole."

Akashukuru kwa hela. Akaniambia kioo cha bajaji alibadilisha, bosi alimkata. Akauliza kama swichi nimeshafunga mpya, nikamwambia ndiyo, akasema vizuri, maana huku nyuma tunawategemea. Nikadhani anaaga.

"Samahani, dada, naomba nikuulize."

"Uliza."

"Kwa nini nusu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na la umbali, na la asilimia, na la shemeji na karanga zake. Nikasikia jinsi litakavyosikika likitoka. Nikamwambia nitampigia.

Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita. Leo ni Alhamisi.